Hongera za Tarehe Kumi na Nne Machi

"Frouke, mbona siku hizi huaniki nje?"

Aliyeuliza ni Hillechien Postema, mwanamke mtu mzima asiyeolewa, mfuga kuku. Alikuwa amesimama upande wake wa ua, Jumatatu tarehe kumi na tatu Machi, mwaka 1944. Jumatatu kijiji kizima cha Garsterhorn hufua, na ikifika saa tatu asubuhi kamba zote zimejaa shuka. Siku hiyo kamba moja tu ilikuwa tupu, ya jirani yake Frouke Wiersema, mjane. Frouke alijibu kwamba mgongo unamsumbua, ameanika darini. Wakaishia hapo. Kesho yake saa nane mchana polisi watatu waliingia nyumbani kwa Frouke, wakamkuta Roza van Dam, mshonaji wa Kiyahudi aliyefichwa humo miezi mitano, wakampakia kwenye lori. Frouke naye walimfunga miezi minne.

Leo swali, kesho lori. Garsterhorn hakuna aliyehitaji kufikiri zaidi ya hapo.

Miaka miwili na ushee baadaye, Jumanne moja ya Agosti, mpelelezi Eltjo Boukema aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya Frouke, akapiga hodi mlango wa jikoni. Boukema alifukuzwa polisi mwaka 1942 kwa kukataa kwenda kuwakusanya Wayahudi majumbani mwao. Vita ilipokwisha walimrudisha kazini, wakamkabidhi majalada ya watu waliodaiwa kuwauza wenzao kwa Wajerumani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na daftari moja, penseli mbili, na tabia ya kuuliza kitu kilekile mara ya pili kama vile hakusikia.

Jalada la Hillechien lilikuwa na karatasi nne. Ya kwanza lalamiko la Frouke. Ya pili maelezo ya Klaas Knol, mwenyeji wa hapohapo Garsterhorn aliyekuwa polisi chini ya Wajerumani, akisema aliambiwa na Hillechien. Ya tatu maelezo ya Hillechien mwenyewe, mistari mitatu, akikataa. Ya nne barua fupi iliyofika juzi kutoka kwa Roza van Dam: "Naomba mtu aangalie tena kabla ya Alhamisi. Kuna jambo halinikai sawa."

Alhamisi baraza lingekaa. Likimwona Hillechien ana hatia, nyumba yake inachukuliwa, na yeye na miaka yake sitini na mitatu anakwenda kambini.

Jikoni kulinukia maharage mabichi. Wanawake wawili walikuwa mezani, katikati yao kinu cha kukatia maharage kimekazwa kwenye ukingo wa meza. Frouke alitia maharage kwenye tundu, Roza akazungusha mkono wa kinu, vipande vyembamba vikaanguka kwenye beseni, tayari kutiwa chumvi.

"Taratibu, Roza, utanikata kidole," Frouke alisema.

"Kidole nacho kitakolea chumvi. Karibu, bwana mpelelezi. Usimsikilize huyu, ndiye anayenisukuma niende mbio."

Roza alikuwa na miaka ishirini na tisa sasa. Alipotoka kwenye kambi ya Wajerumani mwaka jana alikuwa na kilo thelathini na nane na blanketi. Nyumba yao ya Groningen aliikuta na watu wengine ndani, na katika watu kumi na mmoja wa kwao hakumkuta hata mmoja. Akapanda gari la maziwa mpaka Garsterhorn. Frouke alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Ingia, chakula kiko mezani." Tangu siku hiyo hakuondoka. Alishona, Frouke akapeleka nguo kwa wenyewe. Ijumaa jioni Roza aliwasha mishumaa yake kwenye meza ileile ambayo Frouke alisomea Zaburi kila baada ya chakula, na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee.

Frouke alimimina kahawa. Akafungua kopo la biskuti, akampa kila mtu moja, akalifunga.

"Ni kahawa ya kweli," alisema. "Si ile ya mizizi. Lakini sijui umefuata nini, bwana. Nilishasema yote."

"Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na mimi," Roza akasema.

Frouke aliacha harage mkononi. "Wewe?"

"Mimi, Frouke. Ndimi nitakayekuwa nikitazama ile nyumba ikiwa tupu. Nataka nijue kwanza."

Frouke alianza kutoa nyuzi za maharage kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Boukema alilamba ncha ya penseli.

"Nieleze siku ile, tangu asubuhi."

"Nilishuka kutoka darini saa saba," Roza alisema. "Maficho yangu yalikuwa nyuma ya bomba la moshi. Mchana sikuwa nikishuka kabisa. Ila siku hiyo nilikuwa nafikisha miaka ishirini na saba, na huyu akasema binadamu hafikishi miaka ishirini na saba akiwa nyuma ya bomba la moshi. Alikuwa ameoka keki. Ya mayai mawili."

"Mwaka wa arobaini na nne? Mayai mliyapata wapi?"

Frouke alijibu bila kuinua macho. "Kwa yule."

"Hillechien?"

"Aliniletea Jumamosi. Hakutaka hata tikiti ya mgao. Nikamwambia ni ya chapati za maji."

Boukema akaandika: mayai mawili, Jumamosi, bure. Jambo hilo halikumsaidia Hillechien. Mtu aliyetoa mayai Jumamosi na kuuliza juu ya kamba Jumatatu alikuwa akihisi kitu.

"Endelea. Knol alipoingia, kitu cha kwanza alifanya nini?"

Roza aliacha kuzungusha kinu. "Alinipa mkono."

"Mkono?"

"Alivua kofia, akanipa mkono, akasema hongera. Kisha akamgeukia Frouke, naye akampa mkono: hongera kwa siku ya kuzaliwa ya mgeni wako. Wale vijana wawili wakacheka. Mmoja akajikatia keki."

"Hili halimo kwenye jalada."

"Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza nani alipigwa na nini kilichukuliwa."

"Aliona keki mezani, akafanya dhihaka," Frouke alisema. "Ndivyo alivyo Knol. Alikuwa hivyo tangu shule ya Jumapili."

"Keki mezani inasema kuna siku ya kuzaliwa," Boukema alisema. "Haisemi ya nani. Nyumba ni yako, kiti cha kichwani mwa meza ni chako. Mimi ningeingia humu nikaona keki, ningekupongeza wewe. Alimpongeza nani kwanza?"

Wanawake walitazamana.

"Mimi," Roza akasema. "Alinijia moja kwa moja. Ndilo hilo lisilonikaa sawa."

"Vyeti vyako vya bandia vilisemaje?"

"Grietje Bos, mzaliwa wa tarehe mbili Novemba, 1912."

"Aliyekuleta hapa?"

"Alijua jina la Grietje tu."

"Basi tarehe kumi na nne Machi aliijua nani?"

"Mimi na Frouke."

Boukema akauliza tena, kama vile hakusikia. Akapata jibu lilelile.

Alikunywa kikombe cha pili, na cha tatu kwa kuwa kilikuwa kimeshamiminwa, kisha akaomba choo. Kilikuwa nje, kando ya stoo ya kuni, kimepakwa chokaa, na mbele ya macho ya aliyeketi ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, ile ya miezi tu inayotumika mwaka hadi mwaka, iliyotolewa na duka la mbegu. Ukurasa ulikuwa wa Agosti: majina matano ya ukoo wa Wiersema, kila jina na mwaka wake. Boukema alinawa mikono kwenye pampu, akaaga, akaruka ua.

Hillechien alikuwa akiwatawanyia kuku mahindi. Hakuacha kazi alipomwona.

"Umekuja kunikamata leo, au bado mpaka Alhamisi?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Nilimjua mama yako, kijana wa Boukema. Alikuwa akinipita foleni dukani akijifanya hanioni."

"Bado hufanya hivyo, bibi. Kwa nini ulimuuliza Frouke kuhusu kamba?"

"Kwa sababu ilikuwa tupu Jumatatu ya nne mfululizo. Kamba tupu Jumatatu! Angetangaza kanisani ingekuwa afadhali. Mtu wa maziwa alikuwa ameshaanza kusema. Nilitaka aanike, hata shuka mbili, watu waone."

"Basi kwa nini usimwambie wazi?"

"Nimwambie nini? Kwamba najua? Akijua kwamba najua, hapati usingizi. Na mimi wakinibana, nitasema nini kama hatujawahi kulisema?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu viazi vya Oktoba. Frouke akiwa peke yake hamenyi vya watu wawili. Halafu Jumapili moja mguu ulinivimba, sikwenda ibadani. Frouke yuko kanisani, na mimi hapa nasikia cherehani darini kwake. Siku ya Bwana! Inakwenda kama siku ya soko. Nilikasirika kabisa. Kisha nikasema, huyo si wa kanisa letu huyo, Bwana atalitazama mwenyewe."

Boukema aliinamia daftari ili asionekane akitabasamu. "Ulimwambia nani?"

"Kuku."

"Ulijua jina lake?"

"Hata sura sikuijua, mpaka nilipoiona kwenye lori."

"Na siku yake ya kuzaliwa?"

"Ya kuzaliwa?" Hillechien alisimama na bakuli mkononi. "Ndiyo maana ya yale mayai? Nilidhani Frouke anaumwa hamu. Ningejua ningempa matatu."

"Knol anaapa ulimwambia wewe."

"Knol alininyongea kuku wanne mwaka wa arobaini na tatu, akawatia kwenye mfuko wa baiskeli mbele yangu. Nikaongee na Knol? Namwombea, kwa kuwa tumeagizwa. Lakini huwa namweka wa mwisho, na nikisinzia kabla sijamfikia, basi."

"Kwa nini maelezo yako ni mistari mitatu tu?"

"Nilisema sikufanya. Ukisema mara ya pili umeshaanza kubembeleza." Akatupa mahindi yaliyobaki kwa mkupuo. "Wazee wa kanisa walikuja, wakakaa kwenye viti vyangu, wakasema nisiikaribie Meza ya Bwana mpaka jambo litengenezwe. Imeshaandaliwa mara nne. Wengine wakisimama kwenda mbele, mimi nabaki benchi la nyuma na watoto. Nyumba wakitaka waichukue. Hilo la benchi ndilo linaloniumiza."

Boukema alifunga daftari. Alikuwa amesikia waongo wengi mwaka huo. Waongo walimpa mambo mengi ya kuandika, tena yaliyopangika vizuri. Huyu alikuwa amempa kuku, viazi na cherehani, na kila kimoja kilimtia yeye mwenyewe shakani. Lakini baraza halingekubali sura ya mtu. Lingetaka karatasi.

Jioni ileile alipanda treni kwenda Groningen, na asubuhi alifika chumba cha kumbukumbu kabla mlinzi hajamaliza mkate wake. Wajerumani waliandika kila kitu, hata mafuta ya gari. Malori hayakutoka mpaka mtu ayaombe kwa karatasi ya manjano, na karatasi za manjano za mwaka 1944 zilikuwa kwenye masanduku sita. Boukema alivua koti. Katika sanduku la nne, baada ya saa nzima na vumbi la kutosha, aliipata aliyoitafuta. Aliisoma, akaipeleka dirishani akaisoma tena. Akaomba nakala yenye muhuri.

Knol walikuwa wamemweka kwenye kiwanda cha zamani cha matofali, pamoja na wengine mia tatu. Waliotaja majina walipewa kazi nyepesi, na Knol alikuwa jikoni, amenenepa.

"Afande Boukema!" alisema, akivuta kiti kama mwenye nyumba. "Lile baiskeli lako bado linalia kama nguruwe?"

"Bado. Knol, tunasahihisha maelezo yako kabla ya Alhamisi. Kila ukurasa utasaini. Hillechien Postema alikuambia nini?"

"Si nimesema? Kwamba Frouke ana Myahudi."

"Lini?"

"Jumatatu jioni. Kesho yake tukaenda."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Roza."

"Akakutajia na jina. Na siku ya kuzaliwa?"

Knol alicheka. "Umeongea naye, ee? Nilimpa mkono. Mimi mtu wa adabu."

"Nani alikuambia ni siku yake?"

"Huyohuyo Hillechien. Wanawake huambiana."

"Alikuwa anafikisha miaka mingapi?"

"Ishirini na saba. Wa mwaka wa kumi na saba."

Aliyasema haraka, kama mtu anayesoma maandishi ukutani. Boukema aliandika, akageuza karatasi, akampa penseli. Knol akasaini.

"Hillechien hakuwahi kumwona huyo mwanamke," Boukema alisema. "Vyeti vilisema Grietje, wa Novemba, mwaka wa kumi na mbili. Jina la Roza, tarehe ile na mwaka ule vilijulikana na watu wawili duniani, na wote wawili uliwatoa wewe nyumbani mwao. Sasa tazama na hii."

Akaweka nakala mezani. Lilikuwa ombi la lori moja na askari wawili, liwe Garsterhorn Jumanne tarehe kumi na nne Machi, saa nane mchana. Chini yake saini ya Knol. Juu yake tarehe ya ombi: ishirini na tisa Februari.

"Hillechien aliuliza kuhusu kamba tarehe kumi na tatu Machi," Boukema alisema. "Lori uliliomba wiki mbili kabla."

Knol aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Ukisahihisha leo, ni kusahihisha," Boukema akaendelea. "Ukingoja Alhamisi, ni kiapo cha uongo, na jikoni utapasikia harufu tu. Tarehe ishirini na tisa Februari ulikuwa wapi?"

"Nakagua karatasi nyeusi za kufunika taa madirishani. Nyumba kwa nyumba."

"Kwa Frouke uliingia?"

"Kwa kila mtu niliingia." Knol aliegemea nyuma, na kicheko chake kikarudi kidogo. Hakuweza kujizuia. "Amekupa kahawa, yule mjane? Vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Basi na wewe umekaa pale nilipokaa mimi. Ukatazama nini, afande? Chokaa? Mimi nilifunua mwezi uliofuata."

Penseli ya Boukema ilisimama.

"Mimi nimezaliwa Garsterhorn," Knol alisema. "Wiersema wote nawajua, waliokufa na walio hai. Hakuna Roza. Na mtu akiandikwa pale ni wa nyumbani. Ningeweza kuvunja dari siku ileile, nisipate kitu, nichekwe. Nikahesabu siku. Watu wetu wale watamficha mtu nyuma ya ukuta mwaka mzima, wala hutamwona. Lakini siku yake ya kuzaliwa watamtoa wamkalishe kitini. Hawawezi kufanya vingine."

"Na Hillechien?"

"Mlitaka jina. Nikawapa la mtu aliyenitukana mbele ya watu kwa ajili ya kuku."

"Andika hivyohivyo. Na kuku waandike."

Knol akaandika kurasa mbili, akasaini zote.

Jumatano hiyo saa tisa alasiri Boukema alikuwa tena Garsterhorn. Alipita pembeni mwa nyumba, hakupiga hodi, akaenda moja kwa moja chooni. Akainua kurasa za kalenda mpaka Machi. Tarehe tisa, shemeji wa Frouke. Tarehe ishirini na mbili, mtoto wa dada yake. Katikati yao, kwa wino wa bluu na mwandiko uleule wa kunyooka: *14, Roza, 1917.*

Aliitoa kwenye msumari.

Jikoni walikuwa wakipanga maharage kwenye mtungi mkubwa, tabaka la maharage, tabaka la chumvi. Roza alikuwa akikandamiza kwa ngumi, mikono wazi mpaka viwikoni. Boukema aliweka kalenda juu ya meza, ukurasa wa Machi ukiwa juu.

"Umekitoa hiki chooni?" Frouke aliuliza. "Cha nini?"

"Uliandika lini hili?"

"Oktoba. Juma lile alipofika. Nilimuuliza, akaniambia, nikaenda nikaandika." Alifuta mikono. "Anayelala nyumba hii anaandikwa. Nimeandika jina tu, la ukoo sikuandika. Nilikuwa mwangalifu."

"Tarehe ishirini na tisa Februari Knol alikuja kukagua madirisha."

"Alikuja. Nakumbuka vizuri. Nikamweka hapa jikoni, nikamjaza ile kahawa ya mizizi. Akaomba choo. Nilishukuru Mungu. Nilipata nafasi ya kugonga ukuta mara tatu ili Roza aingie nyuma ya..."

Hakumaliza. Alitazama kalenda. Boukema akaweka kando yake nakala ya lori, na juu yake maelezo mapya ya Knol, akangoja. Frouke alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kwenye ua wa pili kuku walisikika wakigombana.

"Ni mimi," alisema.

"Ni aliyeomba lori," Boukema akasema. "Ndivyo nitakavyoandika. Humu ndani hakuna aliyesaliti mtu."

"Mkono ni wangu. Huu hapa."

Roza alitoa ngumi kwenye mtungi. Chumvi ilikuwa imemganda mpaka kifundo cha mkono.

"Niliiona juma lilelile," alisema. "Sikiliza, Frouke. Nilishuka usiku nikaiona. Nikajua si busara. Nilikuwa nikuambie ufute. Lakini mama alikuwa ameshachukuliwa, na baba, na hakuna mtu mwingine popote aliyeijua tarehe ile. Nikasimama pale na mshumaa nikajisoma. Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nilisema kesho." Akamtazama usoni. "Sasa kama ni kugawana, nami nipe fungu langu. Lakini ukiniuliza kama nataka ungekuwa hujaandika, sitakujibu ndiyo."

Frouke alimpangusa Roza chumvi mkononi kwa ncha ya aproni, kwanza mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyopanguswa mtoto. Halafu akakaa.

"Mara nne," alisema. "Mara nne nimekwenda mbele, nikala mkate, nikanywa, na yule amekaa nyuma. Na mayai yake nimekula."

"Sahihi yako hapa inaondoa lalamiko," Boukema alisema. "Kesho baraza litasoma karatasi hizi tatu, na jambo litakuwa limekwisha kabla ya saa nne."

Frouke alisaini. Mwandiko ulikuwa uleule wa kunyooka.

"Yeye ameshaambiwa?"

"Bado. Nilikuwa naelekea huko."

"Usiende."

"Bibi Wiersema, ni wajibu wangu kumwarifu."

"Umeshaniarifu mimi. Kaa. Roza, mpe bwana kahawa. Mpe na biskuti."

"Moja?" Roza aliuliza.

"Mpe mbili."

Roza aliinua nyusi. Boukema akakaa.

Frouke alivua aproni akaikunja. Alinawa mikono na uso kwenye beseni. Akaingia chumbani, wakasikia kabati likifunguliwa, akarudi amevaa kofia nyeusi ya kanisani na koti la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumatano na nje kuna jua. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nyuma yake, na ua wa Hillechien ulikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo. Hakuelekea huko. Alipita sebuleni, mpaka mlango wa mbele, ule ambao Garsterhorn hufunguliwa kwa bibi harusi na kwa jeneza, na siku nyingine zote hukaa umefungwa. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Boukema alinyanyuka amsaidie, Roza akamshika mkono wa koti.

"Mwache," alinong'ona. "Atalifungua."

Frouke alilipiga komeo kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili. Likaachia. Mwanga ukaingia mpaka kwenye zulia. Alinyoosha kofia, akatoka bila kusema neno jingine, akashika njia ya barabarani, mbele ya madirisha ya kijiji kizima, kuelekea mlango wa mbele wa Hillechien Postema.